Bichi ya Mkwe

Jumanne, 1 Julai

Magauni manne leo. Sindano imevunjika mara mbili. Kitenge cha bluu chenye maua meupe, chaguo la kamati. Umoja wa Wanawake wa kanisa letu unataka sare hata ndani ya maji. Hakuna aliyeuliza nguo ya maji inashonwaje. Mimi ndiye fundi, eti nitajua mwenyewe.

Safari ni mwisho wa mwezi. Treni mpaka Kigoma, Jumapili tunaimba kwa wenyeji wetu, Jumatatu tuko huru mpaka jioni. Hiyo Jumatatu ndiyo inayotutoa roho. Kila mtu anataka bichi. Bichi gani, hakuna anayejua. Leo mwenyekiti, Mama Ruth, kanikabidhi kazi ya kuchagua. Eti nina binti Kigoma na simu yenye picha nzuri.

Nimekubali haraka mno.

Alhamisi, 3 Julai

Tabitha amepiga. Mimba ni ya miezi saba sasa. Presha imepanda tena na daktari amemkataza safari. Basi, hatakuja kujifungulia kwangu. Mtoto wa kwanza, hatazaliwa kwa bibi yake. Nimeumia.

Anataka mimi ndiye niende, nikae naye mpaka arobaini iishe. Nimemwambia nitaona. Akaniuliza bei ya mchele.

Wana chumba na sebule. Na humo ndani yumo mkwe. Nitalala wapi? Nitakula nimeelekea wapi? Nitoke kuoga na kanga moja, nikutane na mkwe mlangoni?

Mimi nimelelewa na bibi, kijijini Kigwa. Mkwe akitokea njiani, bibi aliacha njia na kuingia majanini mpaka mwenzake apite. Mzee mzima, na kuni kichwani. Wenzangu hapa mjini wanakula na wakwe zao meza moja na wala siwacheki. Mimi mwili wenyewe unakataa. Tangu harusi sijasema naye neno. Akipiga simu nampa jirani azungumze. Hata hapa siandiki jina lake.

Jumapili, 6 Julai

Tabitha ametuma picha za bichi mbili. Baada ya ibada simu yangu imepita mikono yote ya Umoja, imerudi imejaa mafuta.

Ya kwanza ni ya hoteli. Viti vya kulalia, miavuli ya makuti, vyoo safi, samaki wa kuchoma, migebuka. Na kamba ndefu majini ya kushikwa na wasiojua kuogelea, na walinzi wa kuwatazama. Ya pili ni bichi ya wazi. Miti michache, mawe, mbuzi wa mtu.

Wote wameitaka ya kwanza. Nami pia. Ile kamba niliitazama muda mrefu. Sitaki kulowesha nyayo na kurudi. Nataka kuingia. Maisha yangu yote maji mengi niliyoyaona ni Bwawa la Igombe, na hayo nayo nimeyaangalia kwa mbali kama mtu anayedaiwa nayo.

Jioni ukaja ujumbe mwingine wa Tabitha. Hiyo ya kwanza ndiko anakofanya kazi mumewe. Yeye ndiye mlinzi wa waogaji.

Ziwa lote lile, na mkwe kakaa hapo hapo penye kamba.

Jumatano, 9 Julai

Nimechagua ya pili. Nimewaambia kamati kuna kivuli cha Mungu, upepo mzuri, na hakuna wanaouza pombe. Hilo la pombe ndilo lililowamaliza. Wamekubali shingo upande.

Sijasema uongo. Mwenzetu Mama Yohana alinitazama tu, hakusema kitu. Kunyamaza kwa yule Mgogo ni jambo la kuogopa.

Ijumaa, 11 Julai

Mama Yohana amekuja kujaribu gauni. Yeye ni mzaliwa wa Dodoma, kaolewa hapa Tabora, na ni mtani wangu tangu wote tuna viuno vyembamba. Keshayajua yote. Sijui nani kamwambia. Alisimama mbele ya kioo changu akanisomea.

"Babu zako walibeba meno ya ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani. Wakipita kwetu tunawatoza hongo ya njia, wanalipa, wanajitwika tena, wanaondoka wanaimba. Wewe Mnyamwezi gani, mkwe mmoja anakushinda? Tena hana hata kilo sabini."

Nikamwambia arudi kwao akale mlenda. Akacheka mpaka pini zikamchoma.

Mlangoni aligeuka, na hapo hakuwa mtani. Akaniuliza, "Mtoto akitoka, nani atamshika?"

Upindo wa gauni lake nimeushona umepinda. Kaondoka nalo hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Julai

Simu ya Tabitha haipokelewi. Tangu asubuhi.

Sijashona hata mshono mmoja.

Jumanne, 15 Julai

Alilazwa. Presha. Ameruhusiwa leo, sauti yake ni ndogo lakini anacheka.

Namba ya mumewe ninayo. Jana nzima sikuipiga. Jirani yangu alikuwa Igalula kwenye msiba, na mtu mwingine wa kumpa simu sikuwa naye. Nilikaa na ile namba mkononi. Nimeona upumbavu wangu wote, kutoka kichwa mpaka mkia.

Tabitha anasema mumewe ndiye aliyemuuguza. Kampikia uji, kamfulia, kalala kwenye benchi la hospitali. Mwanamume. Kazi yangu mimi. Nimeona wivu kwanza, shukrani imekuja baadaye, imechoka.

Alhamisi, 17 Julai

Nimesimama mbele ya kamati nikasema nimebadili. Twende ile ya kwanza. Hakuna hata mmoja wetu anayejua kuogelea, tunahitaji kamba na mtu wa kututazama. Na mtu huyo ni mkwe wangu.

Wa umri wangu walielewa papo hapo. Wale wadogo walitazamana. Mama Ruth akauliza, sasa wewe utaingiaje majini mbele ya mkwe? Nikasema siingii. Nitakaa kwenye kiti, nitawatunzia viatu.

Ndivyo nilivyoamua. Wao wapate ziwa lao, na mimi nione kama naweza kukaa bichi moja na yule mtu. Nikishindwa bichi nzima, nyumba ya chumba na sebule nisijidanganye.

Hata hivyo gauni langu nimelishona. Sare ni sare.

Jumamosi, 26 Julai, ndani ya treni

Tumeimba tangu Urambo. Sauti ya tatu imekauka. Naandika treni ikisimama, ikienda mwandiko unakuwa wa kuku.

Babu wa bibi yangu aliipita nchi hii kwa miguu, mzigo begani. Bibi alikuwa anatusimulia huku anapeta mchele. Mimi nimekaa dirishani nakula paja la kuku. Mzigo wangu ni dumu la asali ya kumpelekea Tabitha na lile jambo la Jumatatu. Dumu ni jepesi.

Uvinza wamepanda wauza chumvi. Mama Yohana kanunua mfuko mzima. Nilipomuuliza wa nini, akasema wa kunitia kidogo, nimepooza.

Jumapili, 27 Julai, Kigoma

Tumeimba vizuri. Sauti ya tatu ilirudi dakika ya mwisho kwa neema ya Mungu na tangawizi.

Tabitha alikuja kanisani. Tumbo liko juu, miguu imevimba mpaka viatu vya mumewe ndivyo anavyovaa. Alikuja peke yake. Mumewe kasema hataki kunisumbua. Sijui kwa nini hilo limenikera. Nimekuwa nikiomba asinisumbue, na leo ameacha kunisumbua nikaona kama nimetupwa.

Aliniomba twende nikaione nyumba. Nikasema hakuna muda.

Muda ulikuwepo.

Jumatatu, 28 Julai

Niandike yote kabla sijalala.

Bichi ni nzuri kuliko picha. Ziwa halina mwisho na halina chumvi, Mama Yohana alilionja. Nilipata kiti chini ya mwavuli, nikazungukwa na viatu. Tabitha alikaa nami, kainua miguu juu ya kapu.

Mkwe nilimwona mara moja. Wenzake wote kaptula. Yeye suruali ndefu, shati limefungwa mpaka kooni, kofia. Mlinzi wa maji aliyevaa kama anakwenda kuposa. Tabitha akasema, mama, ni kwa ajili yako hiyo. Jua la saa sita. Nilitazama viatu.

Wenzangu wakaingia. Wakaimba kidogo, wakapiga kelele za baridi, wakaishika kamba. Walipofika kiunoni, magauni yakapanda.

Kosa ni langu. Kitambaa chepesi, upindo mpana, nimeshona kama tunakwenda harusini. Maji yaliingia chini, hewa ikabaki, na Umoja wa Wanawake wote ukavimba kama maandazi kwenye mafuta. Maua meupe mpaka masikioni. Kila mmoja akaiachia kamba ili akandamize gauni kwa mikono miwili. Kila mmoja. Hawajui kuogelea na hakuna aliyeshika kitu. Mama Ruth aliteleza, akazama mpaka kidevuni, akainuka anakohoa.

Mkwe aliona. Angeweza kukimbilia katikati yao, wale mama zake wote, katika hali ile. Hakukimbilia. Alimpigia mluzi mlinzi mwenzake, binti aliye kwenye kiti cha juu, naye akashuka mbio akamshika Mama Ruth. Yeye akazunguka mbali, akaingia majini na suruali yake, akaenda mpaka kwenye boya ambako kamba inaishia. Akaikamata kwa mikono miwili, akaikaza. Akatugeuzia mgongo. Akasimama hivyo, anatazama upande wa Kongo.

Mimi nilikuwa nimesimama pia. Nilisikia kitambaa kinachanika. Ilikuwa kanga yangu, na mikono ilikuwa yangu. Fundi anajua: gauni likipanda, lifunge magotini. Nikachana utepe baada ya utepe, nikaingia, nikawafunga mmoja mmoja, huku nawagombeza. Mama Yohana alikuwa anacheka hawezi hata kusimama. Nilimfunga na yeye, kwa nguvu.

Nilipomaliza nikajiona niko majini mpaka kifuani. Ziwa limenishika pande zote, baridi, zito, zuri. Nimelia kidogo. Kwenye maji haionekani.

Halafu nikaishika kamba. Ilikuwa imekazwa sawasawa. Nikajua upande wa pili ni mkono wa nani. Nadhani naye alijua, maana ilitikisika.

"Shikamoo mama," akasema. Hakugeuka.

Wimbi likapita, na jingine.

"Marahaba," nikasema. Ilitoka kama kikohozi. Nikairudia vizuri. "Marahaba, baba."

Nilitaka kumshukuru kwa yale ya hospitali. Nilichokisema ni hiki: "Ule uji uliompikia. Ulitia chumvi?"

"Kidogo, mama."

"Ana presha huyo. Usitie kabisa."

"Sawa, mama. Sitatia."

"Nikija nitakuonyesha unavyopikwa."

Kamba ilitulia kabisa. "Utakuja, mama?"

"Nimesema nikija," nikasema, na nikageuka kurudi ufukweni. Hakuniangalia nikitoka. Najua, maana nilipofika mchangani ndipo niligeuka mimi, na ule mgongo ulikuwa pale pale, shati limemganda, kofia imelowa.

Sote tumetoka na miguu ya bluu. Kitenge kimechuja. Nimeomba radhi kwa Umoja. Mama Yohana kasema wamesamehe, ila utepe wa kanga hanirudishii, atauweka awaonyeshe wajukuu siku Mnyamwezi alipovuka ziwa.

Ijumaa, 1 Agosti, Tabora

Nimefua. Bluu haitoki kwenye kucha.

Jioni simu iliita. Jina la mume wa Tabitha. Jirani alikuwepo uani anachambua mchicha, na mkono wangu ulishaanza kumnyooshea. Nikaurudisha. Nikapokea mwenyewe.

Alisalimu, nikaitikia. Tabitha hajambo, miguu imepungua. Uji hauna chumvi, ila anaulalamikia. Nikasema alalamike tu. Hakukata, nami sikukata. Mwishowe aliuliza hali ya hewa ya Tabora. Nikasema vumbi.

Jirani kaacha mchicha, ananitazama.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeweka cherehani mlangoni, kwenye mwanga. Magauni ya watu yatangoja.

Nashona pazia la Kigoma. Litapita katikati ya sebule yao. Upande huu mimi na kitanda changu, upande ule Zakayo na redio yake. Nimeandika jina lake na kalamu haikuvunjika. Mbele yake sitakula, hilo bado. Lakini nitamsikia akiingia jioni, naye atanisikia nikimbembeleza mtoto, na atanisalimu kupitia kitambaa. Bibi angenung'unika. Halafu angeuliza nauli.

Sikumwuliza Zakayo urefu wa ukuta. Nimeacha upindo mrefu, nitakata huko huko. Kitakachobaki kitatosha mbeleko.