Tuta la Vipepeo Nililolifyeka

Jumanne. Mvua imekatika saa moja jioni na mabati bado yanadondosha maji. Nimerudi kutoka kazini Gikondo, sijala, hata viatu sijavua. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe, kwa hiyo naandika kabla sijaanza kujitetea.

Jumamosi ilikuwa umuganda, ile asubuhi ya mwisho wa mwezi ambayo kila mtaa unatoka kufanya kazi za pamoja. Kikundi chetu cha Watanzania na Wakenya wa Remera, hapa Kigali, tulipangiwa bustani ya umma, upande wa chini karibu na mafunjo. Msimu huu bustani imechangamka kweli. Vyura wanaimba mchana kweupe, kereng'ende wanazunguka juu ya maji, na wale ndege wa manjano wamening'iniza viota kwenye kila tawi linaloelekea bwawani.

Anayetunza upande ule ni Daforoza, mama wa miaka hamsini hivi, mkimya. Kando ya njia alikuwa na tuta refu alilolilea tangu mvua za kwanza. Ukiliona ungedhani ni magugu: mimea mirefu yenye utomvu mweupe, na matunda kama puto ndogo za kijani zenye vinywele. Lakini ni humo vipepeo wa rangi ya chungwa hutaga mayai, na viwavi wao wenye mistari huishi kwa kula majani yale. Jumamosi hii inayokuja watoto wa shule ya msingi walikuwa waje kuwatazama.

Daforoza alitupanga, kisha akanionyesha lile tuta. Aliniambia mimi kwa sababu ndimi niliyejitia ukalimani. "Ibi mubireke bikure." Akauliza kama nimeelewa.

Nikajibu, "Yego." Ndiyo.

Sikuwa nimeelewa. Nilidaka neno la mwisho tu. Gukura kwa Kinyarwanda ni kuondoa, hilo nalijua. Nilichosahau ni kwamba gukura ni kukua pia. Mama wa watu alisema: hii iacheni ikue. Mimi nikawageukia wenzangu nikasema, "Hii yote iondoke."

Miaka mitano naishi Kigali. Miaka mitano natikisa kichwa kukubali nisichokielewa, kwa sababu naona aibu kumwomba mtu arudie.

Daforoza aliitwa getini kupokea kundi jingine. Sisi tulikuwa kumi na wanne, wote na panga. Aliporudi hapakuwa na kitu kilichosimama. Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye tope, akaanza kugeuza majani moja moja, akiokota viwavi na kuwaweka kwenye kofia yake.

"Mimi nasema mureke, iache," aliniambia kwa Kiswahili chake kidogo. "Wewe nakata."

Kabla sijamjibu akafika Bwana Ezra, msimamizi wa bustani. Ni Mnyarwanda aliyekulia Mwanza, Kiswahili chake kinakishinda changu. Alimgombeza Daforoza mbele yetu sote, eti amewaacha wageni bila kuwasimamia. Mimi nimesimama pale, panga mkononi, utomvu mweupe umenikaukia vidoleni.

Nikajishughulisha kupangusa panga.

Jumapili nikasikia kwamba Daforoza ameondolewa bustanini, amepelekwa kufagia barabara. Jana, saa ya chakula cha mchana, nikachukua pikipiki hadi kwa Bwana Ezra. Nilimweleza kila kitu: neno nililolikosea, na kwamba mama yule hana hatia.

"Najua, dada Neema," akasema.

"Ulijua?"

"Kila mtu anajua Kinyarwanda chako kinaishia kwenye salamu. Lakini siwezi kumwandikia ripoti mtu aliyekuja kujitolea. Usijisumbue." Akanisogezea kiti. "Na kwa kweli mmenisaidia. Pale nataka nyasi siku nyingi, maharusi wapate pa kupigia picha. Yule mama alikuwa hataki hata kusikia. Alhamisi nyasi zinaletwa."

"Na watoto wa Jumamosi?"

"Watatazama ndege. Ndege si wapo?"

Sikukaa kwenye kiti chake. Kosa langu lilimpa kile alichokuwa akikitafuta, na adhabu akampelekea mtu pekee aliyekuwa akimzuia. Halafu ananiita dada na kunikaribisha niketi. Nilimwambia sitakubali iishie hapo. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba ana kikao.

Nilimkuta Daforoza kwenye barabara inayoshuka bustanini, amevaa kizibao cha wafagiaji. Nikamwomba radhi kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda changu kibovu. Hakuacha kufagia.

"Jumamosi mdomo yako ilikuwa wapi?"

Nilimfuata hatua kwa hatua kando ya mtaro kama mjinga, mpaka aliposimama kupumzisha mgongo.

"Mizizi iko," akasema. "Mvua iko. Kama hawaweke majani ingine, itatoka."

Nikamuuliza viwavi je. Wako nyumbani kwake, mtaa wa Gitega hapa hapa Kigali, amewawekea mashina machache aliyoyaokota. Yakiisha, basi.

Leo asubuhi nikaandika barua kwa kamati ya bustani. Nimeeleza nani alitoa amri ya kukata, nani aliadhibiwa, na kwa nini zile nyasi zisubiri. Mwenzangu wa ofisini amenisaidia kuiweka kwa Kinyarwanda. Kabla ya kuipeleka niliituma kwa kikundi chetu nikiomba saini. Tisa wamekubali. Mmoja, tunayesali naye kila wiki, ameandika: "Magugu tu hayo, unatutafutia ubaya na wenyeji." Nilimjibu vibaya. Jibu hilo sitalifuta.

Nikitoka kazini nilipitia Gitega. Daforoza alitoka nje akasimama chini ya upenu, mvua inamwagika pembeni yetu, nami nikamsomea barua nzima kwa sauti. Alinikatiza mara mbili kunisahihisha matamshi, hakutabasamu hata mara moja. Mahali nilipoandika "mtunza bustani mmoja" aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Hapana mmoja," akasema. "Andika jina yangu yote."

Nikaliandika pale pale, juu ya goti, Daforoza Mukandekezi, yeye akinitajia herufi. Hakunikaribisha ndani. Sikustahili.

Sijui kama kamati itasikiliza. Sijui kama gari la nyasi litazuiwa Alhamisi, wala kama Daforoza atanisamehe, na nimeamua kutomuuliza. Bwana Ezra amenipigia simu mara tatu tangu saa kumi na moja. Sijapokea. Ana maneno matamu mno, na mimi najijua.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa kamati, barua mkononi. Wakiuliza nani aliyefyeka lile tuta, nitajibu kabla swali halijaisha.