Wavu wa Dirisha la Chumbani

Mwanangu,

Dirisha la chumbani kwenu msilisukume. Wavu wa mbu nimeupigilia kwa nje, na dirisha lenyewe linafunguka kwa nje. Mkilisukuma tu, wavu utachanika. Mlango wa jikoni uko sawa: kile kipande cha mpira nilichokiweka chini kinazuia mende, msikitoe. Ufa wa nyuma ya jiko nimeuziba kwa saruji. Bado mbichi, watoto wasiuguse.

Mume wako aliposema asubuhi, "Mzee, mbona umetufungia ndani na mbu wetu?" alikuwa ananitania, najua. Hata wewe ulicheka, halafu ukasema polepole, "Baba, acha tu, tutaita fundi." Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Nikamwita mkwe wangu mvivu asiyejua hata kushika nyundo, mbele ya watoto wake, mezani kwake, huku nakunywa chai yake. Mdomo wangu huu! Sijui uso wangu nitauficha wapi.

Kweli ni kwamba nimelala nyumba nyingi za watu, lakini sijawahi kuwa na dirisha langu. Wavu wenu niliupigilia bila hata kulifungua dirisha kwanza.

~~Nimechukua begi langu. Msinisubiri.~~

Nimeenda kununua misumari mifupi. Wavu tutauhamishia ndani. Mwambie mume wako asiite fundi, jioni anishikie ngazi. Nitamwomba radhi nikiwa huko juu, maana tukiwa uso kwa uso nitashindwa.

Baba yako