Logi Ulizozifanya Jando

Kwako mchumba niliyekukataa,

Nasikia siku hizi uko Lindi, na bado unatembea na kitabu kile cha logi, zile safu za namba za kurahisishia hesabu, kwapani. Sishangai. Tangu ulipokuwa karani wa wapima ardhi kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, kule Nachingwea, hukuwa na kingine cha kubeba.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Nkowe kwa baiskeli, kaptula imenyooka kwa pasi, kuniposa mimi, binti aliyekwishapata nafasi ya chuo cha ualimu? Ulimwambia baba chuo cha nini, utanifundisha mwenyewe nyumbani. Baba hakujua kusoma, akakuamini. Hata mimi nilikuamini, tena kwa furaha. Nilikupenda, Issa, sioni haya kusema.

Kisha ukanionyesha kitabu. Nikatazama safu zile mpaka nikaona kitu: logi ya mbili ni nukta tatu sifuri moja sifuri, ya tano ni nukta sita tisa tisa sifuri. Nikizijumlisha napata moja kamili, ambayo ndiyo logi ya kumi. Na mbili mara tano ni kumi! Nilikukimbilia kukuuliza kwa nini kujumlisha huku kunafanya kazi ya kuzidisha kule. Ulinicheka. Ukasema mambo hayo ni kama jando, mwanamke haambiwi.

Kumbe hukuyajua. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikamwomba baba unifundishe somo moja barazani, naye asikilize. Nilikuuliza logi ya moja, ukafungua kitabu. Nikakuuliza ya sifuri, ukasema sifuri, huku unajifuta jasho. Baba akauliza swali moja tu, kwa nini, nawe ukamrudishia maneno yale yale ya jando. Ulisahau unaongea na nani. Baba alisimamia jando Nkowe kabla wewe hujazaliwa.

"Bwana karani," alisema, "jandoni kila kijana hutoka ameelezwa. Wewe nani alikuingiza?"

Ulipanda baiskeli hata chai hukunywa. Nami nikaikataa posa, na baba akanisindikiza mwenyewe hadi kwenye lori la kunipeleka chuoni.

Huko nilielezwa kwa maneno machache. Logi ni kuhesabu kumi ngapi zimezidishwa pamoja. Mia ni kumi mbili, elfu ni kumi tatu. Ukizidisha mia kwa elfu, kumi zinakuwa tano, basi unajumlisha tu mbili na tatu. Moja haina kumi hata moja, ndiyo maana logi yake ni sifuri. Na sifuri yenyewe huifikii hata ukiigawa moja kwa kumi, tena na tena, maisha yako yote, kwa hiyo haina logi. Ni hayo tu, Issa. Kwa hayo ulitaka kunifungia jikoni.

Sasa nafundisha Ruangwa. Siku ukipita, ingia darasani kwangu ukae na watoto. Kwangu hata mwanamume huambiwa.

Buriani,
Aliyekuwa mchumba wako