Kisanduku Kisichoisha Chaji

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Natumai kikohozi cha yule mdogo kimepoa na umeshaizoea miwani yako mipya. Huku tu wazima wa mwili. Ya moyo nitakueleza.

Katika barua yako umeuliza swali moja mara tatu: kwa nini Mama, uliyeambiwa anakwenda sokoni peke yake, amerudi kukaa kitini? Nimeikalia barua hiyo siku tisa. Nafasi nilikuwa nayo, uso wa kukujibu ndio sikuwa nao.

Unakumbuka alivyokuwa mwaka jana, kwenda jikoni ni mpaka ashike ukuta. Daktari wa masikio pale kazini kwangu akasema ugonjwa uko ndani kabisa ya sikio, mahali mwili unapopatia mizani yake. Alikuwa anaanza majaribio ya umeme mdogo sana, usioumiza wala kusikika, unaopitishwa nyuma ya masikio ili kupaamsha mahali hapo. Alisema wazi kwamba hajui kama utasaidia, na ndiyo maana anajaribu. Wagonjwa ishirini, Mama akiwamo, walipigiwa kura. Nusu wapate umeme wa kweli kutoka visanduku vidogo vya betri, nusu wafungwe nyaya zilezile na visanduku vilevile visivyotoa kitu, na asijue mtu nani kapata nini, hata yeye daktari, mpaka mwisho.

Kazi yangu ilikuwa kulowesha sponji kwa maji ya chumvi, kuzibandika nyuma ya masikio, kuwasimamisha wagonjwa juu ya godoro wamefumba macho, na kuhesabu sekunde. Kila mmoja alikuwa na kisanduku chenye kibandiko cha namba yake. Jioni navirudisha kabatini, asubuhi navichaji.

Hapo ndipo Mama alipokutana na fundi cherehani mmoja, mtu mzima, mcheshi. Kizunguzungu kilikuwa kimemwachisha kazi. Akiinamia kitambaa tu, chumba kinazunguka. Wakawa wanakaa benchi moja wakiitana "mlevi mwenzangu", maana mitaani watu wakiwaona wanavyopepesuka walidhani wameamkia kilabuni. Mama hakuwa amecheka hivyo tangu Baba atutoke.

Wiki ya sita Mama aliachia ukuta. Wiki ya nane akaenda sokoni peke yake, akarudi na kikapu mkononi, nikalia jikoni. Wewe ukaandika kunishukuru, ukaniita tegemeo la nyumba. Nilisoma mstari ule nikaikunja barua haraka.

Fundi hakupata nafuu. Kila siku yake alikuja, akasimama juu ya godoro, nami nikaandika sekunde nne, sekunde tano. Halafu akaanguka mlangoni pa duka lake, akavunjika nyonga. Mama alikwenda kumwona hospitalini kila siku, kwa miguu, na kila akirudi aliniuliza kwa nini Mungu amempa yeye akamnyima mwenzake.

Kaka, Mungu hakuhusika. Ni mimi.

Wiki ya kwanza tu niligundua jambo ambalo daktari hakulifikiria: visanduku vingine havikuisha chaji hata kidogo. Kisichotoa umeme kitaishaje? Cha Mama kilikuwa kimojawapo. Asubuhi moja, kabla wenzangu hawajafika, nilibandua kibandiko chake nikakibadilisha na cha kisanduku cha jirani, kimojawapo cha vile vilivyokuwa vikiisha chaji. Sikumchagua fundi kwa ubaya. Kisanduku chake ndicho kilichokuwa karibu na mkono wangu. Nikajiambia damu ni nzito kuliko maji, nikaenda kunywa chai. Na fundi aliponiuliza mbona mwenzake anapona, nilimjibu aongeze bidii ya mazoezi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

La kuvunda halina ubani. Wiki tatu zilizopita nilimwambia Mama. Hakunigombeza. Aliuliza kama fundi anajua, nikasema hajui. Akasema, "Kumbe nimekuwa nikitembelea miguu ya mtu." Akakaa.

Daktari naye nimemweleza. Amenisimamisha kazi, na majaribio yake yote yameharibika. Alikuja kumpima Mama, akakuta anaweza kusimama vizuri. Hataki tu. Anasema hatasimama mpaka nimwambie fundi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimekwenda wodini mara mbili. Mara ya kwanza niliishia mlangoni. Mara ya pili aliniona, akanishika mkono, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba huyu ndiye binti aliyehangaika naye kuliko wote. Nikasema asante, Kaka. Nikasema asante nikaondoka.

Kesho saa kumi jioni ni saa ya kuona wagonjwa. Barua hii naitia posta asubuhi, nikiwa bado na woga, ili nikifika kule nisiwe na pa kurudi nyuma.

Wasalimie wote nyumbani. Mama anakusalimu. Ukijibu, mwandikie yeye kwanza.

Ni mimi, mdogo wako,
Kasuku