Kiti cha Nanjala

Jumamosi usiku

Ati "chochote". Neno hilo limenikosesha usingizi.

Watoto wangu wa Jumamosi, wasichana wa shule wanaoniita kukhu, yaani nyanya, walikuja, tukapukuchua mahindi nikiwauliza watasomea nini chuoni. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Nafula akajibu bila kuniangalia, "Chochote tu, kukhu."

Nanjala, aliyekuwa akija Jumamosi kabla yao, alijibu hivyo hivyo, kwa kiti hicho hicho alichokalia Nafula. Kabla ya mtihani watu wa kwao wakamwoza mzee wa Tongaren. Akafa akijifungua. Herufi hizi ninazoandika ni yeye alinifundisha, mimi ambaye sikukanyaga shule. Bado namwona pale, gunzi mkononi.

"Kuku ndiye hula chochote," nikamwambia Nafula. "Nani amekuja kwenu?"

Wenzake wakacheka. Yeye akalia. "Shangazi ameleta mzee wa kunioa, kukhu. Wanarudi kunichukua kesho."

"Si waje! Watanipata hapa."

Nilisema kwa sauti kubwa. Lakini hata siku ya Nanjala nilipiga kelele, na wakamchukua.

Nafula amelala kitandani mwangu. Nasikiliza kama anapumua. Kile kiti nimekisukuma mpaka mlangoni, nimekikalia.