Jina la Mwisho Kwenye Orodha

Nyumba ya Wapangaji ya Bi. Tuttle,
Mtaa wa Kanisa,
Marlow Forks.
3 Februari, 1852

Mpendwa Shangazi Thirza,

Hapana, Shangazi, na hata huyo mposaji wako angekuwa na kofia mbili za hariri bado ningesema hapana. Lakini ngoja kwanza nikusalimu, maana Mama akisikia nimeanza ugomvi kabla ya kukujulia hali atanifokea huko huko aliko. Hujambo? Goti linaendeleaje na baridi hii? Sisi wawili tu wazima. Sisi wawili! Bado sijaweza kuandika neno hilo bila kutabasamu.

Mume wangu, niache niandike tena, mume wangu Asahel, anakusalimu sana. Hii ni wiki ya nane tangu tufunge ndoa, na kila tukitoka hunishika mkono nishuke ngazi kama mke wa gavana, na ngazi zenyewe ni nne tu. Asubuhi hunimiminia asali ya utomvu wa miti kwenye mkate wangu kabla ya wake. Nakomea hapo, la sivyo barua yote itakuwa yake.

Barua yako niliipata Jumamosi. Unasema Mheshimiwa Zebulon Yoakum amekuposa na anataka jibu mwisho wa mwezi. Unasema pia kwamba mtu aliyekaa Bungeni miaka sita bila kuwa upande ulioshindwa katika kura hata moja, lazima ana busara. Nilicheka mpaka Bi. Tuttle akagonga ukuta. Kisha nikakumbuka bustani yako ya matufaha, kicheko kikaniisha.

Busara hiyo nitakueleza inatoka wapi. Unajua Asahel ni karani wa Bunge, ndiye anayeita majina wakati wa kura. Huyaita kwa mpangilio wa herufi, akianza na Abbott (na akilitamka yeye, hata Abbott ni jina tamu). Majina ni sabini na moja. La sabini na moja ni Yoakum. Watu sabini wameshasema ndiyo au la, naye amekaa na penseli anahesabu. Kisha husimama, hujikohoza, akaufuata upande wenye wengi, kama paka aendaye kulala palipo na joto. Kuku wa Bi. Tuttle angewekwa kwenye kiti kile angeshinda kura zote pia.

Hata uwakili wake ulikuwa hivyo hivyo. Baba alikuwa mmoja wa wale wazee wa baraza kumi na wawili walioamua kesi yake ya kwanza, ya nguruwe aliyegombaniwa. Asubuhi Yoakum aliapa kwamba alama iliyokatwa sikioni mwa nguruwe ni ya mteja wake. Alipoona wazee wamekunja nyuso, mchana akasema kwa kweli alama hiyo inaweza kuwa ya upande wa pili. Mteja akamwuliza mbele ya hakimu, "Wakili, aliyekuajiri ni mimi au nguruwe?"

Alipogombea ubunge alipanda kisiki kuwahutubia Wamethodisti, akailaani wiski huku akilia. Kesho yake akapanda kisiki kingine kwa wapika wiski wa Goose Creek, akaisifu kwa machozi yale yale.

Sasa sikia ya Alhamisi. Nilikuwa juu kwenye roshani ya wageni, nafuma soksi ya Asahel. Muswada ulihusu wanawake walioolewa: kwamba ardhi aliyokuja nayo mwanamke kwenye ndoa ibaki yake, isiwe ya mume kama sheria ilivyo sasa. Majina yakaitwa. Thelathini na watano ndiyo, thelathini na watano la. Ilibaki kura moja.

"Yoakum," Asahel akaita, kisha akaita tena, "Mheshimiwa Yoakum!"

Mzee Hockaday, mkulima wa kule mtoni, akapaza sauti kutoka nyuma. "Haya, Zeb! Leo huna mgongo wa kujifichia. Leo wengi ni wewe!"

Yoakum akajishika shavu. "Bwana Spika... jino... naomba ruhusa nitoke."

"Jino gani?" Hockaday akamdaka. "La akili? Hilo kwako halijaota!"

Alitoka amejifunga kitambaa kidevuni, watu wanacheka mpaka wanapiga madawati. Lakini kura zilibaki sare, Shangazi, na muswada ukafa pale pale. Jioni hiyo alikuja kula mezani kwetu kwa Bi. Tuttle, na kwa macho yangu nilimwona akivunja njugu ngumu za msituni kwa jino lile lile.

Kwa hiyo ukisema "nakubali" mbele ya mchungaji, miti yote ambayo marehemu mumeo, Bwana Josiah, aliipandikiza kwa mikono yake, na uliyoitunza peke yako miaka tisa, itakuwa chini ya mtu huyo. Angeweza kukuachia kwa neno moja. Akaumwa jino.

Asahel aliponiposa Baba alikuwa amenuna, Mama analia, na Baba mdogo Enos anasema karani hana mbele wala nyuma. Hakungoja hata mmoja wao amalize. Alisimama katikati ya sebule akasema, "Mimi ni ndiyo." Nami nilimjibu kabla hajakaa.

Usiniamini mimi, mjaribu mwenyewe. Kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, mwulize anataka pai ya tufaha au ya boga. Utaona atakavyokutazama usoni kwanza, ajue wewe unapenda ipi.

Nisalimie Baba mdogo Enos (nimeshamsamehe) na binamu Keturah, umwambie shali yake ndiyo niliyoolewa nayo. Mungu akulinde wewe na miti yako, ichanue ikiwa bado yako.

Usimjibu bado. Bunge linafungwa tarehe ishirini, na kabla mwezi haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, mimi na mume wangu. Mwalike Mheshimiwa chakula siku hiyo, na uoke pai zote mbili. Asahel ataita majina mezani, na safari hii ataanzia mwisho wa orodha.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda kuliko matufaha yako yote,
Drusilla (Bi. Asahel Whitcomb!)