Kwa Nkwabi, Aliyelala Juu ya Maji

Jirani yetu Scolastika anasema mimi ndiye niliyekuua. Anasema nilikupeleka kwetu ziwani, nikakukawiza makusudi mpaka maji yakakuingia kichwani, ukarudi Shinyanga ukiwa mtu wa kufa. Ameyasema lamboni, ameyasema kwenye foleni ya sukari, na mama yako, Mayu wetu, ameyasikia akayaamini. Tangu tulipokuzika hajaitikia shikamoo yangu. Amehamia Maganzo kwa dada yako Nyamizi.

Mwaka umetimia, Nkwabi, tangu Oktoba ile ya 1982 ulipotuacha. Nakueleza tena zile siku zetu, ingawa ulikuwepo, ili na Mayu asikie, mdogo wako Maige atakapomsomea.

Ilikuwa Agosti, pamba imeshauzwa, vumbi tupu. Gulamali, mwenye duka uliyekuwa dereva wake, alikupa pikapu unipeleke nikasalimie kwetu Nungwe. "Chukua, Nkwabi, lakini Jumatatu nataka gari, sitaki hadithi." Mkewe Dhanbai akatufungia chevda ya kutafuna njiani kwenye gazeti. Tulipofika Maganzo ilikuwa imekwisha, na ukaapa kwamba ni mimi niliyeila.

Kwenye pantoni pale Kigongo watu wote walishuka garini kutazama maji. Wewe ulibaki ndani umeshika usukani kwa mikono miwili. Nikakuuliza, "Unaendesha nini sasa?"

"Nyamaza, Justa. Nikiachia tutapotea."

Waliokusikia walicheka mpaka ng'ambo.

Na kule Nungwe uliingia ziwani na suruali yako, fimbo mkononi, unachoma chini kabla ya kila hatua, kama mnavyofanya nyumbani mkinywesha ng'ombe, kujua tope liko wapi. Shangazi yangu Apolonia alikaa chini kwa kicheko.

"Mkwe, ng'ombe wenyewe wako wapi?"

"Wanakuja nyuma, shangazi."

"Haya. Na mamba nao?"

"Wapo?"

"Wapo, lakini Wasukuma hawawali. Mnanuka maziwa."

Ulirudi nchi kavu upesi, kisha ukaona aibu, ukaingia tena.

Nikakuwekea mkono chini ya mgongo. "Lala."

"Nilale juu ya maji kama nani?"

"Kama mimi."

Ukaiachia fimbo, ikaelea ikaenda zake. Ukalala. Wewe uliyekuwa unaongea hata ukitafuna, ulinyamaza, ukatazama juu tu. Nikautoa mkono taratibu. Baadaye ndipo ukashtuka: "Justa, mkono wako uko wapi?" Nikakuonyesha yote miwili. Sijaona uso wa mtu ukifurahi vile, wala sitegemei kuuona tena.

Matobolwa tuliyomchukulia shangazi, yale ya viazi vitamu alivyokausha Mayu, watoto wa pale waliyagombania kama peremende. Wewe ukakaangiwa sato, ukamla hadi kichwa, ukaomba mwingine.

Jumapili nilikuita, Nkwabi. Nilisimama ufukoni na nguo zako nikasema, "Twende, Mayu anatungoja." Ukasema bado kidogo. Nikaita tena, ukapiga mbizi usisikie. Ulipotoka, saa nane ilishapita, na baada ya saa nane Jumapili gari la mtu binafsi haliruhusiwi barabarani. "Tukikamatwa, pikapu ya Gulamali italala polisi," ulisema, tena unacheka. Ukarudi majini. Huku nyumbani Mayu alikuwa amekupikia, akangoja mpaka chakula kikapoa. Hapo ndipo Scolastika aliposhikilia.

Lakini ulirudi mzima. Mayu mwenyewe alikula sato wa kubanikwa uliomletea, ukawa unamtolea miiba. Siku nyingi zikapita, ukapeleka sabuni za dukani kwa wachimbaji wa Rwamgasa, na huko ndiko ulikotoka unatetemeka. Daktari alisema ni malaria, imepanda kichwani. Maige alikuwepo, alisikia kwa masikio yake.

Ulikuwa na huruma ya barabarani. Ukikuta mama mjamzito au mgonjwa anatembea juani, unamweka mbele, na mimi mkeo unanipeleka nyuma kwenye magunia. Nilikuwa nanuna. Leo ningekaa huko nyuma hadi Kigoma bila kunung'unika.

Mimi Mzinza, wewe Msukuma, nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili. Sasa jua linatoka na kuzama sijakisema. Kisukuma changu ni cha kusalimia na kununua chumvi. Lamboni wanawake wananiachia nafasi pana kuliko ninayohitaji. Nachota, narudi. Gari likipunguza mwendo pale kwenye kona najua si wewe. Natoka kuangalia hivyo hivyo.

Sikuombi lolote, wewe pumzika. Mungu akulaze vizuri zaidi ya nilivyokulaza mimi.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Justa, mdogo wako Maige, dada yako Nyamizi, shangazi Apolonia wa Nungwe, pamoja na Gulamali na Dhanbai. Jina lako litatajwa kwetu siku zote.

Katika tangazo la kumbukumbu kama hili jina la mama ndilo hutangulia. Maige alikwenda Maganzo kumwomba ruhusa tumwandike. Alimkuta anapepeta mtama. Alimsikiliza, akaendelea kupepeta. Maige akakaa hadi ungo ukaisha, akaaga, akaitikiwa kwaheri tu.

Shikamoo, Mayu. Ni mimi, Justa. Nakuomba uniruhusu niliandike jina lako juu ya langu.